Mkwe Anakuja Kuona Migomba

Nikiwa Geita, Tunduma au Dar es Salaam, nikisema natoka Kigoma, watu huniuliza dagaa. Huniuliza mawese, mwisho wa reli, na lile ziwa. Ziwa lenyewe nililiona kwa mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili, tulipopelekwa mjini kwa michezo ya shule, nikaogopa hata kusogelea maji. Kwetu ni juu. Basi likitoka Kigoma mjini linapanda mpaka masikio yanaziba, na ukishuka Kasulu unakuta mtu amevaa koti saa nne asubuhi na haoni ajabu. Kutoka hapo kwenda Kibondo ni vilima na mabonde, vilima na mabonde, udongo mwekundu, miti ya miombo mahali ambapo jembe halijafika, na migomba kila mahali ambapo limefika.

Nilipokuwa mdogo, Busunzu, nyumba zetu hazikubanana kama za mjini. Kila nyumba ilikaa peke yake ndani ya migomba yake. Nyumba ya jirani huioni, unaona moshi tu juu ya majani, na kwa moshi ule mama alijua nani ameamka na nani anaumwa. Tuliongea Kiha nyumbani na Kiswahili shuleni. Ukimsalimia mkubwa, unapiga makofi taratibu, unainama, unamwambia "Mwakeye", naye anakuuliza habari za watu mpaka za ng'ombe, na huondoki mpaka mkubwa amalize.

Siku za kukamua ndizi ndizo ninazozikumbuka zaidi. Baba alichimba shimo, akalitandika majani ya mgomba, akapanga mikungu ya ndizi za pombe, akafunika, akatia moshi kwa pembeni. Zikishaiva zilimenywa, zikakandwa na nyasi ndani ya mtumbwi mdogo wa mbao mpaka juisi itoke. Kabla haijachanganywa na mtama kuwa pombe, ile juisi ilikuwa yetu sisi watoto. Tulikunywa mpaka nzi wakatufuata. Nimekula vingi katika miji niliyopita, sijapata kitu kitamu kama kile.

Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka. Nimebeba samaki Mwanza, nimechimba Geita, nimeuza mitumba Tabora, nimekuwa utingo wa malori mpaka mpakani Tunduma. Kila mahali nilikaa mpaka pakaanza kunizoea, kisha nikahama. Mama alitangulia kufariki, baba akafuata, nikaja kuzika nikaondoka tena. Nyumbani alibaki baba mdogo, mdogo wake baba, na nyumba yake iko ng'ambo tu ya kijito.

Kilichonirudisha ni mwanamke. Nilikuwa nimesimama Kasulu kwa wiki chache, nikisubiri lori lililoharibika, na suruali yangu ikachanika. Nikaelekezwa kwa fundi cherehani aliyekaa kwenye baraza la duka moja karibu na soko. Aliitazama ile suruali, akanitazama na mimi.

"Hii imeshashonwa na mafundi wangapi?"

"Kila mji mmoja."

"Basi mimi ni wa mwisho," akasema. "Kitambaa kimechoka."

Lori lilitengenezwa likaondoka bila mimi. Nilipanga chumba.

Wazazi wa fundi huyo walitoka Burundi. Baba yake alivuka mpaka akiwa mtoto mgongoni mwa dada yake, na leo ni Mtanzania mwenye shamba lake nje kidogo ya Kasulu. Lugha yao na yetu zinasikilizana bila mkalimani, na desturi karibu ni moja. Kwa hiyo nilijua kwamba siendi kuomba binti peke yangu. Nilimpigia simu baba mdogo, akaja kutoka Busunzu na koti lake la kanisani, awe msemaji wangu. Binti mwenyewe aliniambia jambo moja tu kabla hatujaingia: "Baba akikuuliza, usijibu haraka."

Tulikalishwa uani. Mtungi wa pombe ya ndizi uliwekwa katikati, mirija mirefu ikatiwa ndani, mzee na baba mdogo wakavuta kutoka mtungi mmoja. Baba mdogo alianza kama inavyotakiwa, kwa mbali.

"Sisi tumepotelewa na ndama. Tumefuata kwato kutoka Busunzu, zimeishia kwenye ua huu."

"Ndama atoke Busunzu mpaka Kasulu kwa miguu?" mzee akasema. "Huyo alipanda basi."

Wajomba wa binti wakacheka. Baba mdogo naye akacheka, akavuta pombe.

"Na huyu mliyemleta kumtafuta," mzee akaendelea, akinielekezea kidevu, "mbona ameanza mvi? Mlimtuma mwaka gani?"

"Kwetu dume halizeeki, mzee. Linakomaa."

"Linakomaa zizi gani? Nasikia halijalala nyumbani siku nyingi."

Watu wakacheka tena, nami nikacheka nao, nikiona mambo yanakwenda vizuri. Ndipo mzee akaacha kucheka na kunigeukia mimi mwenyewe.

"Migomba yako iko wapi?"

Baba mdogo alifungua mdomo. Nikamtangulia.

"Mzee, nimepanga chumba hapa hapa Kasulu. Kina umeme, maji yako uani, hata stendi siyo mbali."

Nilisema stendi siyo mbali. Mpaka leo baba mdogo akinikasirikia hunikumbusha neno hilo. Mzee alivuta mrija wake kutoka mtungini, akaukung'uta, akaulaza juu ya mdomo wa mtungi. Mwenye nyumba akifanya hivyo, maneno ya siku hiyo yamekwisha.

"Chumba ni cha aliyekijenga," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nimekuuliza migomba. Baba yangu aliacha migomba yake na mikungu ikiwa juu, haikuliwa na sisi. Tangu siku hiyo tumelala kwenye mashamba ya watu mpaka tulipopata letu. Binti yangu simpi mtu ambaye kesho nikimtafuta nitaambiwa amepita."

"Ipo, mzee," baba mdogo akadakia. "Ipo Busunzu, kwa marehemu kaka yangu."

"Vizuri. Nitakuja kuiona kabla ya Noeli."

Ndani ya basi, tukirudi Busunzu, tulipokaribia kushuka baba mdogo akanigeukia.

"Hakuna migomba," akasema.

"Hakuna vipi?"

"Mnyauko uliingia. Majani yakawa manjano, ndizi zikaoza kwa ndani. Niling'oa shina moja moja nikafukia. Yote."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia kwa namba ipi? Wewe unabadilisha laini kama soksi."

Tulifika nikaona. Mahali pa migomba ya baba palikuwa na nyasi za kufika kifuani, na katikati nyumba imesimama bila kificho, ukutani jua tupu. Nilikuwa sijawahi kuiona nyumba yetu kutoka barabarani. Ilionekana ndogo, kama mtu aliyevuliwa shati mbele za watu.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Kwa kuwa ardhi ilikuwa imepumzika bila mgomba kwa muda mrefu, baba mdogo alisema ugonjwa utakuwa umekwisha na tunaweza kupanda. Kwetu jirani hauziwi mtoto wa mgomba. Unakwenda unaomba, na kila nyumba inakupa kutoka kwenye shina lake. Kwa hiyo ilibidi nipite nyumba kwa nyumba katika kilima chetu chote, mimi niliyezoea kupita miji bila kumuaga mtu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja, rafiki wa marehemu mama. Nilipiga makofi, nikainama.

"Wewe ni mtoto wa yule aliyekuwa akiimba kanisani?"

"Ndiyo, bibi."

"Na bado unatembea?"

"Nimeacha, bibi."

"Ulisema hivyohivyo ulipokuja kumzika baba yako." Aliniongoza mpaka nyuma ya jiko, akanionyesha mche. "Chimba huo. Ukiondoka tena usiniletee salamu. Niletee mgomba wangu."

Kijana mmoja aliyesoma nyuma yangu shule ya msingi, ambaye sasa ana pikipiki na huenda mpaka kambi ya wakimbizi ya Nduta kupeleka watu na mizigo, aliniletea miche ya ndizi za kupika kutoka kwa mkewe, ameifunga nyuma kama abiria. Wengine walinipa za pombe. Kabla ya kukata mche kutoka shina moja kwenda jingine, baba mdogo alitia panga kwenye moto mpaka likawa la kuunguza, ili tusibebe ugonjwa. Tulichimba mashimo, tukatia samadi, tukapanda, tukafunika chini kwa nyasi zilezile tulizofyeka. Mikono yangu ilichubuka. Jioni nililala ndani ya nyumba ya baba, nikasikia mvua kwenye bati, nikawa najaribu kukumbuka sauti yake ilikuwaje ilipokuwa inaanguka kwanza kwenye majani.

Katikati ya hayo, rafiki yangu akapiga simu kutoka Kahama. Kuna lori jipya, linakwenda Kongo, wanataka utingo mzoefu. "Njoo leo, kesho utakuta mtu." Nilitoka nikasimama barabarani na simu mkononi. Lami mpya iliyopita karibu na kwetu inang'aa baada ya mvua, na magari hayakawii. Sitasema nilikuwa jasiri. Nilisimama mpaka basi la kwanza likapita, na la pili, nikiwaza fundi cherehani pale barazani akiambiwa na baba yake kwamba yule mtu amepita. Nikarudi kupalilia.

Siku mzee alipokuja nilikwenda kumpokea barabarani. Alishuka na fimbo na mfuko, akatazama vilima vyetu kwa muda mrefu, akavuta hewa. "Panafanana na kwetu," akasema, wala sikuuliza kwao kupi. Tulipanda taratibu. Njiani nilimweleza ukweli: mnyauko, nyasi, kwamba atakachoona ni miche tu yenye majani mawili matatu.

Tukatokea kwenye ua, na mimi nikasimama. Mbele ya nyumba ilisimama safu ya migomba mikubwa, minene, majani yake mapana, mmoja una mkungu kabisa. Baba mdogo alikuwa kando yake, amevaa koti la kanisani lenye udongo magotini.

"Karibu mzee! Karibu kwenye migomba ya marehemu."

Mzee alikwenda mpaka kwenye ule wenye mkungu. Akauzunguka. Kisha akauegemea kidogo kwa bega, kama mtu anayepumzika, na mgomba ukaanza kuinama, ukainama, ukalala chini pole pole na mkungu wake. Chini haukuwa na mizizi. Ulikuwa umekatwa asubuhi hiyo kwa jirani na kusimikwa kwenye shimo.

"Huyu mgeni wenu amechoka safari," mzee akasema. "Na hawa wengine nao walazeni, wasije wakaangukia watoto."

Baba mdogo aliangalia viatu vyake. "Mzee, mimi ndiye. Huyu hajui. Niliona aibu uje ukute nyumba iko uchi."

"Aibu," mzee akasema. Akaipita ile safu, akaenda nyuma, kwenye miche yetu. Alipiga magoti kwa shida, akachimbua kwa vidole pembeni ya mmoja, akaangalia mizizi, akaurudishia udongo. Akaenda wa pili. Akaenda wa tatu, akatazama mikono yangu.

"Huu umetoka kwa nani?"

"Kwa bibi wa nyumba ile, rafiki wa mama."

"Na ule?"

Nikamwambia. Aliniuliza karibu yote, nami niliweza kumtajia kila nyumba, kwa sababu kila mmoja nilikuwa nimeuomba kwa makofi na kuvumilia masimango. Akiuliza nilikuwa naonyesha moshi upande ule mwingine wa kilima. Baba mdogo alikuja akasimama nyuma yetu.

Mzee aliomba jembe. Alivua koti akaliweka kwenye nyasi, akaanza kusogeza udongo kwenye miche iliyosimama vibaya, akigombana na mimi: hapa umepanda juu, hapa maji yatakaa. Tulifanya kazi mpaka jua likapita katikati. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Ndipo akajifuta mikono, akatoa simu yake ndogo mfukoni, akampigia binti yake. Alizungumza kwa sauti ya watu wa kwetu, ambao huamini simu inasafiri kwa kupaza.

"Mama, uko cherehanini? Sikiliza. Ukija huku, chukua maharage ya mbegu, yale mekundu. Katikati ya migomba hapa pamekaa bure." Akasikiliza. "Ndiyo, huku. Sasa wapi tena?" Akageuka kutazama bonde, na kuanza kumwelekeza: ashuke kwenye basi kabla ya mteremko, afuate njia inayopanda, aache kanisa mkono wa kulia, avuke kijito kwenye gogo, na akifika juu amwulize yeyote nyumba yangu ni ipi. "Wanamjua," akasema. "Kilima kizima kinamjua."