Barua ya Dhamana Iliyomkuta Biasha Edani

Dada yangu Biasha alirudi kwa Mola wake mwezi wa Rajabu uliopita, Mungu amrehemu. Kila nikimwombea dua humwona nyuma ya pazia, mwaka wa 1966, nyumbani kwake Msambweni.

Mumewe, Athmani, alifariki ghafla asubuhi, na kabla ya alasiri tulikuwa tumekwisha kumzika, kama ilivyo kawaida yetu. Aliacha watoto watatu na gari kuukuu aina ya Peugeot, alilokuwa akibebea abiria hadi Likoni. Gari hilo ndilo lililowalisha. Randu, utingo wake, akawa analiendesha, na Biasha akaingia eda ya miezi minne na siku kumi. Hakutoka nje, na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa, alisema naye kutoka upande wa pili wa pazia. Mimi, Shehe, nduguye niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne, niliingia na kutoka kwa niaba yake.

Mnamo siku ya hamsini ikaja barua ya Kiingereza iliyoandikiwa Bwana Athmani. Kampuni moja ya Nairobi ilisema amechaguliwa miongoni mwa wenye magari. Injini ikiharibika ndani ya miaka mitatu, wataitengeneza bure. Atume tu kitabu cha gari, ile hati ya umiliki, na ada kidogo kabla ya wiki tatu kwisha.

Kitabu alikuwa nacho shemeji yake Mbwana, kaka wa marehemu, tangu siku ya matanga. Alikuja akaketi sebuleni.

"Barua ina muhuri, shemeji."

"Hata gunia la unga lina muhuri," Biasha alimjibu.

"Mbona wanaijua namba ya gari?"

"Namba imebandikwa mbele na nyuma. Mbuzi wote wa hapa wanaijua."

Nilicheka. Mbwana hakucheka. "Na injini ikifa, watoto watakula mzaha wako?"

Hapo Biasha aliacha mzaha, maana Randu alikuwa amekwisha kusema injini inakohoa. Alinituma Mombasa. Wauza magari niliowauliza hawakuijua kampuni hiyo, lakini walisema tangu Uhuru zinafunguliwa mpya kila siku. Barua yenyewe ilikuwa na sanduku la posta tu, haikutaja mtaa wala jengo.

"Basi waandikie," Biasha aliniambia. "Sema mwenye gari amefariki, na mjane wake anauliza afanyeje. Wakiwa wakweli, watauliza nani mrithi. Na wewe shemeji, tafadhali subiri jibu."

"Haya," alisema Mbwana.

Jibu lilifika siku ya kumi na nane tangu barua ya kwanza. Nilimsomea Biasha: "Bwana Athmani, tumefurahi kupata barua yako. Tunakutakia afya njema. Harakisha kitabu."

"Wamemtakia afya njema," alisema. Alicheka mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akajifuta macho. Nikaenda kumwita Mbwana.

"Shemeji, ni walaghai. Nirudishie kitabu, nikiweke mwenyewe."

Mbwana alivua kofia akaikunja.

"Shemeji?"

"Nilikituma Ijumaa. Siku zilikuwa zinakwisha. Nilidhani nakusaidia."

Niliandika barua tatu kuwaonya watu wa ofisi ya leseni za magari wasibadilishe jina kitabuni. Hazikujibiwa. Maalimu wa msikiti alisema kwa haja kubwa mjane anaweza kutoka mchana, hivyo Biasha angeweza kwenda Mombasa mwenyewe. Wakwe zake walikataa katakata, wakidai watu watasema hana hata haya kwa marehemu.

Baada ya mwezi walikuja watu wawili pamoja na askari kulichukua gari. Kitabu kilikuwa na jina jipya, na karatasi ya mauzo ilikuwa na sahihi ya Athmani ya wiki mbili nyuma.

"Alikwisha kufa!" nilipiga kelele.

"Nionyeshe cheti cha kifo," askari alisema.

Hatukuwa nacho. Tulileta sanda, tukaleta maji, tukamsalia. Hakuna aliyekumbuka karatasi.

"Mwambie kaburi liko nyuma ya msikiti!" Biasha aliita kutoka ndani. "Akamwulize kama ameuza!"

"Mama, nenda mahakamani," askari alijibu kwa upole.

"Niende? Mimi niende?"

Injini ilikohoa, ikawaka. Biasha alitoka nyuma ya pazia akakimbia hadi mlangoni, na mama mkwe wake akamshika mkono. Hakuhitaji kumshika. Biasha alikuwa amekwisha kusimama, vidole vya miguu kwenye kizingiti, akisikiliza gari likipanda barabara ya Ukunda.

Mlio ulipokwisha, aliniuliza zimebaki siku ngapi za eda.

"Thelathini," nilisema.

Akarudi chumbani.