Sarafu ya Kisu

Jumamosi ya pili ya Novemba. Manyunyu tangu asubuhi, na ukungu umemeza kuba la basilika. Kutoka jikoni naona paa la jirani tu na antena zake.

Leo mchana papa, baba yangu, alipiga simu Uingereza. Nataka kuandika ilivyokuwa, ingawa shule niliiacha mapema kule Likasi, kwetu Katanga, na mara nyingi nikisoma nilichoandika naona nimempendelea mtu. Safari hii nitajaribu kuwapima wawili hawa kwa mizani moja: papa wangu, ninayekaa naye, na mzee Mwingereza aliyekuwa akikaa ghorofa ya chini yetu hapa Koekelberg, Brussels.

Walijuana kwa ugomvi. Mashine yetu ya kufulia ilivuja, maji yakashukia dari lake, akapanda kulalamika. Akamkuta papa anaifokea televisheni. "Golikipa huyu amelala! Mleteeni mto!" Mzee akasahau dari. Akasema kwa Kifaransa chake kizito, "Hajalala. Beki wake ndiye aliyemuuza." Papa akamwonyesha kiti. Tangu siku hiyo mzee akawa anapanda kila Jumamosi.

Alizaliwa Sheffield, mji wa kaskazini ambako, kwa maneno yake, hata mvua ilikuwa na ladha ya chuma. Baba yake alinoa visu kiwandani maisha yake yote, mgongo umepinda juu ya jiwe. Yeye alikuja Brussels kwa kumfuata mke, mwanamke wa hapa, marehemu sasa. Papa naye alikuwa mtu wa kiwanda cha shaba, na Jumapili golikipa wa timu ya wafanyakazi. Basi hawakukosa cha kuringiana.

"Klabu kongwe kuliko zote duniani ni ya kwetu," mzee alisema.

"Kongwe, sawa. Na makombe?"

"Sisi tuliwafundisha wengine kucheza. Mwalimu hagombanii zawadi na wanafunzi."

"Ah bon! Mwalimu aliyeanguka mtihani."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alitusimulia juu ya mtu wa mji wao, mtoto wa maskini aliyeacha shule mapema kama mimi, akaja kupika chuma kisichoshika kutu. Alitusimulia juu ya wanawake walioendesha viwanda wakati wa vita, na vita vilipokwisha wakarudishwa nyumbani karibu bila asante. Na ile mechi ya zamani iliyochezwa usiku chini ya taa za umeme, ya kwanza, alidai, watu wakaja kutazama taa kuliko mpira. Hiyo ya taa aliirudia karibu kila wiki, na kila wiki papa alimjibu, "Na nyaya za taa hizo, shaba yake ilitoka wapi kama si kwetu Katanga?" Mimi sina hakika kama enzi hizo shaba yetu ilikuwa imeshafika kwa wazungu. Nadhani papa alikosea. Lakini mzee hakumsahihisha hata siku moja, na hilo naliweka upande wake.

Siku ya Pasaka mzee alileta kisu. Mpini wa mfupa, jina la mji limechapwa kwenye chuma, kazi ya mikono ya baba yake. Hakumpa papa mkononi, alikiweka mezani. Papa alifurahi, maana hata kwa wazee wetu kisu hakitoki mkono kwa mkono, kinalazwa chini kwanza. Aliniambia kwa Kiswahili, "Unaona? Huyu ni muntu ya kwetu."

Kisha mzee akafungua kiganja. Alitaka sarafu, yoyote, hata senti moja. Kwao kisu kikitolewa bure kinakata urafiki. Anayepokea hutoa sarafu ili kionekane kimenunuliwa.

Uso wa papa ulibadilika. Sisi tumelelewa kwamba ukilipia zawadi ya mkubwa umemtupia usoni. Na hii ilikuwa kazi ya baba wa mtu, marehemu. "Mimi si mteja wako," alimwambia. "Kitu cha baba yako hakina bei."

"Najua hakina bei," mzee akasema. "Ndiyo maana naomba senti moja tu."

Jumamosi iliyofuata nilimshushia mzee sufuria ya sombe, kisamvu cha kwetu, kwa sababu hiyo ndiyo njia yetu ya kurudisha mkono. Alikula, akaiosha, akairudisha na biskuti ndani. Akakaa, akafungua kiganja tena. "Na sarafu?" Alikuwa anatania. Wiki nyingine hivyo hivyo. Ya tatu sikuona tena utani machoni mwake, niliona hofu. Alikuwa amezika mke na karibu marafiki wote, na nadhani hakutaka kuichezea bahati. Papa naye alijiona anafanywa bahili nyumbani kwake, mbele yangu, binti yake. Nimewapima mara nyingi, na sijapata aliyekosa.

Mwishowe papa akasema, "Mzee, chukua kisu chako."

"Kisu kilichotolewa hakirudi," mzee akajibu. Akashika fimbo yake, akashuka. Jumamosi iliyofuata hakupanda.

Kiangazi chote wakawa wanakutana kwenye lifti, bonjour kwa bonjour, macho kwenye namba za ghorofa. Papa alitazama mpira peke yake, na hakumfokea golikipa yeyote. Kisu kilikaa kwenye droo, hakuna aliyekigusa.

"Papa, mupatie hata cinq centimes, biishe," nilimwambia.

"Weye unataka nimulipe rafiki yangu kama marchand wa soko? Atapanda. Mulango anaujua."

Na mzee, nilipokutana naye penye masanduku ya barua, aliniambia, "Anajua ninapokaa."

Septemba binti wa mzee alikuja kutoka Uingereza. Mzee alikuwa ameanza kusahau, alishaacha sufuria ikiungua. Sisi wakati huo hatukuambiwa kitu. Tulichoona ni gari la kuhamisha vyombo, na papa, aliyekuwa dirishani na pijama, akamwona mzee ameketishwa kwenye gari la binti yake.

"Nipigie pasi chemise nyeupe," alisema.

"Papa, shuka tu hivyo."

"Kuaga muntu na pijama? Hapana."

Nikalipiga pasi shati. Nilisema mara moja tu, sikusisitiza, kwa sababu na mimi nimelelewa hivyo: mwanaume wa kwetu haendi kumuaga mkubwa na nguo za kulalia. Akafunga tai, akafuta viatu, akatia sarafu kwenye mfuko wa koti. Lifti ilipotufikisha chini, barabarani palibaki boksi tupu linalolowa.

Namba ya simu binti aliiacha kwa mlinzi wa jengo. Papa aliikalia mpaka leo. Nilipomwuliza kwa nini leo, alisema, "Ni samedi." Jumamosi, siku ya mzee kupanda. Aliweka simu mezani, sauti wazi, na sarafu kando yake. Binti wa mzee alipokea kwa ukarimu, akampa baba yake.

Mzee hakumtambua. Kwa adabu kabisa aliuliza ni nani, anapiga kutoka wapi.

"Brussels," papa alisema.

"Ah, Brussels! Nilikaa huko. Juu yangu kulikuwa na Mwafrika, golikipa. Tuligombana. Sikumbuki tuligombania nini."

Papa alikuwa ameishika sarafu. Nilimtazama, nikadhani atakitaja kisu. Akasema, "Haikuwa kitu kikubwa."

"Wewe unapenda mpira?"

"Kidogo."

Basi mzee akaanza. Klabu kongwe, makipa wa mtaa wao, kisha mechi ya usiku na zile taa. Nilingoja papa alete shaba yake. Hakuileta.

"Eh, kweli?" alisema. "Na watu walikuja wengi?"

"Wengi! Kutazama taa!"

Akamwacha asimulie mpaka mwisho, kama anayesikia mara ya kwanza. Simu ilipokatika nilimwambia papa tunaweza kuituma ile sarafu kwa posta. "Kwa nani?" aliuliza.

Jioni alifungua droo mwenyewe, akatoa kisu, akakilaza mezani mbele yangu. Sarafu akaiweka mle drooni, mahali pa kisu. Bado kina makali. Nimekatia vitunguu na samaki wa tomson, wale wa kugandishwa, tumekula na bukari, ugali wetu, na matembele. Papa ameacha nusu ya samaki wake.