Niliacha miwani nikavaa lenzi za macho, Kisangani, wakati wa uasi

Wakuu, salaam kwenu nyote. Nimesoma humu watu wakiulizana kama lenzi ni bora kuliko miwani. Nitaeleza yaliyonipata mimi mwenyewe, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Kwanza hali ilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya uasi wa pili, mji ukiwa mikononi mwa waasi na majeshi ya kigeni. Meli za Kinshasa hazikupanda tena mtoni. Bidhaa ziliingia kwa ndege kutoka mashariki, hasa Kampala, na ndege zikisimama, hata chumvi iliadimika. Petroli ilikuwa haba, tukasafiri kwa toleka, yaani baiskeli za abiria.

Nilikuwa mwalimu wa Kiarabu na fiqhi, na nilisalisha katika msikiti mdogo wa mtaa wetu. Macho yangu hayaoni mbali tangu utoto. Bila miwani, mtu aliye hatua tatu mbele yangu ni kivuli tu.

Anayesujudu hugusa ardhi kwa paji la uso na pua. Miwani yangu ilikuwa minene na mizito, ikinitangulia chini kila mara. Baba yangu mdogo, Tonton Amisi, alinicheka mbele ya safu nzima:

"Mwalimu, lunettes yako ndiyo imamu! Inasujudu mbele, weye unaifuata!"

Nikaanza kuivua na kuiweka kando ya mkeka. Ijumaa moja mtu aliyechelewa aliikanyaga. Kioo kimoja kilipasuka, na Kisangani hapakuwa na wa kunikatia kingine.

Shemeji yangu, mfanyabiashara wa vitambaa, alinichukua kwenda Kampala. Daktari wa macho alinipa hiari: miwani mpya, au lenzi laini. Nilichagua lenzi. Alinifundisha kuzivaa, akanipa chupa za dawa ya kuzisafishia, akaniambia nisitumie kitu kingine.

(Kwa wasiojua: lenzi ni utando mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Hukaa juu ya mboni yenyewe.)

Niseme kweli, miezi ya mwanzo nilifurahi. Nilisujudu bila kushika chochote. Niliona majani juu ya miti ya ng'ambo ya mto.

Kosa liliingia kupitia elimu yangu.

Katika udhu, kitu kinachozuia maji yasifike kwenye ngozi huubatilisha. Nikajiuliza: je, lenzi si kizuizi? Sikupata jibu katika vitabu nilivyokuwa navyo, nikachukua tahadhari. Kila nilipotawadha nilizitoa, nikaziweka kwenye kikombe, nikanawa, kisha nikazirudisha.

Tonton alinikuta uani.

"We mwalimu, unatafuta nini ndani ya macho?"

"Ninatoa lentilles, Tonton. Maji ifike."

"Ifike wapi? Nani alikuambia tunatawazaka ndani ya macho? Kesho utang'oa na meno!"

"Ni tahadhari tu, Tonton."

"Bon. Endelea kujichosha."

Alikuwa sahihi: ndani ya jicho hapaoshwi. Mimi nilikwisha kujenga hoja yangu, na nilipenda jinsi ilivyokaa.

Kisha majeshi mawili ya kigeni yakapigana katikati ya mji. Ndege zikasimama, mabomba yakakauka, na dawa ya lenzi ikaisha. Tulitumia maji ya mvua kutoka pipa lililokuwa chini ya paa. Niliyapima kama nilivyofundishwa kuyapima maji ya udhu: rangi haijabadilika, ladha haijabadilika, harufu haijabadilika. Yakanifaa kwa udhu, nami nikaamua yanafaa kuoshea lenzi.

Siku ya ngapi maumivu yalianza, sikumbuki. Nakumbuka mwanga wa mlango ulinichoma jicho la kulia kama mwiba. Nilisema ni moshi wa makaa.

Mke wangu, Zaina, hakukubali. "Papa Hamadi, moshi gani inachagua jicho moja? Twende hopitali."

"Tungoje kidogo."

"Ungoje nini? Uwe kipofu kwanza?"

Alinipandisha kwenye toleka, naye akafuata kwenye nyingine. Nilifunga macho yote mawili njia nzima.

Daktari alilitazama jicho kwa muda mrefu.

"Lentilles unasafishaka na nini?"

"Maji ya mvua, docteur. Haina harufu, haina rangi."

"Ile ya pipa?"

"Ndiyo."

Akaeleza. Ndani ya maji kama hayo huishi vijidudu visivyoonekana. Ukinawa uso, macho yenyewe huvisukuma nje kwa machozi. Lenzi huvifunika juu ya mboni, kama kifuniko juu ya sufuria, navyo hulila jicho. Dawa ya kuviua hakuwa nayo. Ilikuwa Kampala.

Ndege zilirudi baada ya majuma kadhaa. Shemeji alileta dawa, na Zaina alinitilia kwa mkono wake, saa baada ya saa.

Funzo langu ni hili: maji yanayokubalika kwa ibada hayajathibitishwa kwa jicho. Hizo ni hukumu mbili, na kila moja ina wenyewe wa kuulizwa. Sisemi lenzi ni mbaya. Kama huna uhakika wa kupata dawa yake kila siku, baki na miwani. Wenye uzoefu, hasa wanaoishi mbali na miji mikubwa, tuelezeni mnafanyaje.

Jicho la kushoto lilisalimika. La kulia lilibaki na kovu jeupe katikati ya mboni, na tangu wakati huo hutofautisha mwanga na giza tu.