Wiki ya Thelathini na Sita

Tiketi ya kwenda kujifungulia kwetu Bukoba niliinunua mapema, katika ofisi ya wakala iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme. Ilikuwa ya kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, halafu ndege nyingine hadi Bukoba. Dada aliyenihudumia aliniuliza kama ningependa niongezewe na bima ya safari.

"Inasaidia nini?" nikamuuliza.

"Ndege ikiahirishwa, mzigo ukipotea, ukiugua njiani. Yaani likikupata la kukupata, haupo peke yako."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikubali. Nilikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa Dodoma. Ofisi yetu ilihamishwa kutoka Dar es Salaam, nami nikahama nayo, nikapanga nyumba Mkonze, upande ambao wakati huo viwanja vingi vilikuwa bado vichaka na nguzo za mipaka. Mume wangu ni mpima ardhi. Alikuwa kwenye ujenzi wa barabara mbali huko magharibi, mahali ambapo simu inashika juu ya kilima kimoja tu. Kila Jumapili alipanda kilima hicho, tukazungumza mpaka chaji yake ikaisha. Siku nyingine zote niliongea na watu wa ofisini, na saa kumi jioni wakishapanda mabasi yao, sikuongea na mtu tena mpaka asubuhi.

Fomu ya bima ilikuwa na swali kuhusu ujauzito: siku ya kusafiri utakuwa na wiki ngapi? Nikajaza thelathini na nne.

Hapo lazima niseme ukweli, maana hata mume wangu nilimwambia baadaye sana. Mimba yangu ilikuwa na hesabu mbili. Ya kwanza ilitokana na tarehe niliyoitaja mwenyewe kliniki, siku ya mwisho kuona siku zangu, na tarehe hiyo niliikisia tu. Ya pili ilitokana na utrasaundi niliyofanyiwa mapema, ambayo ilisema mtoto ni mkubwa kwa wiki mbili zaidi. Muuguzi aliniambia wao wanafuata ya utrasaundi, akaiandika kwenye kadi. Kwa hesabu hiyo, siku ya safari ningekuwa na wiki thelathini na sita, na shirika la ndege lilikuwa limeandika wazi kwamba ukifika hapo hawakubebi, hata uwe na barua ya daktari. Kusafiri mapema zaidi nisingeweza, kwa sababu likizo yangu ya uzazi ilianza siku ile ile ya safari.

Basi nikachagua hesabu iliyonifaa. Barua ya daktari ya kuniruhusu kupanda ndege sikuiomba kliniki kwangu, nilikwenda zahanati nyingine ambako hawakunijua. Daktari wa pale alikuwa kijana mpole. Alinipima tumbo, akalipima tena.

"Mbona kubwa kidogo kwa wiki hizi?"

"Baba yake mrefu," nikasema huku nikicheka.

Naye akacheka, akaandika barua, akagonga muhuri.

Asubuhi ya safari nilizima friji, nikamwaga maji ya ndoo na kufunga madirisha kwa sababu ya vumbi. Jirani yangu nilikuwa nimeshamuaga jana yake. Alikuwa mama mtu mzima kutoka Kondoa, aliyekuwa akilea wajukuu wawili. Hatukuzoeana sana, ilikuwa shikamoo ya asubuhi na ya jioni. Kwenye begi nilipanga nguo za mtoto, khanga sita na boksi la zabibu za Makutupora nililomnunulia mama yangu, kwa kuwa alikuwa hajawahi kuonja zabibu mbichi.

Pale uwanjani, dada wa kaunta alipokea kitambulisho na barua. Akaitazama barua, akanitazama mimi.

"Hongera, dada. Kadi ya kliniki unayo?"

Nilikuwa nayo. Ningeweza kusema nimeisahau, lakini mkono ulishatangulia kwenye mkoba. Akaifungua, akafuata mistari kwa kidole. Kisha akachukua kalenda ndogo ya mezani na kuanza kuhesabu wiki, midomo ikichezacheza.

"Barua inasema thelathini na nne. Kadi inasema thelathini na sita."

"Ile ya kadi ni makadirio tu."

"Ngoja nimwite mkubwa wangu."

Mkubwa wake alikuwa baba wa makamo mwenye sweta. Alisoma karatasi zote mbili bila haraka. Nyuma yangu foleni ilianza kunizunguka, watu wakipitisha mabegi pembeni yangu kama maji yanavyopita kwenye jiwe.

"Mama, siwezi kukupandisha," akasema kwa sauti ya chini, ili nisiaibike.

"Mama yangu ananisubiri Bukoba. Hapa sina mtu."

"Nakuelewa."

"Ni saa chache tu, baba."

"Saa chache hizo uchungu ukikushika juu kule, nani atampokea mtoto? Mimi nitasemaje?" Akanirudishia kadi kwa mikono miwili. "Nenda kapumzike. Mzigo wako tutautoa sasa hivi."

Begi lilirudi kutoka kule lilikokwisha kusukumwa. Nikakaa nalo kwenye benchi la nje na kuitazama ndege ikiruka. Ndipo nikampigia mama.

Kabla sijasema neno, nikasikia kelele za jiko. Alikuwa anapika. "Umeshafika Dar?" akauliza.

"Wamenikatalia, mama. Wanasema mimba ni kubwa."

Nikasikia mwiko ukiwekwa chini. Nilijua anachokifikiria, maana na mimi ndicho nilichokuwa nakifikiria. Yeye kuja kwangu Dodoma hakuweza. Baba alikuwa amepooza upande mmoja tangu mwaka uliotangulia, na yeye ndiye aliyemgeuza, aliyemlisha na kumwosha. Basi la kutoka Bukoba hadi Dodoma ni safari ya siku nzima na zaidi.

"Basi njoo kwa gari," akasema, na hapo hapo akajijibu, "Hapana. Usije kwa gari." Kisha tena, "Nimwachie nani baba yako?"

"Usimwache, mama."

"Chumba nimeshakifagia," akasema, na kati yetu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu.

Pale pale kwenye benchi nikaipigia simu kampuni ya bima. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu. Alinisomea masharti pole pole: ujauzito wenyewe hauhesabiwi ugonjwa; wanachofidia ni tatizo la ghafla lililothibitishwa na daktari, kabla ya wiki walizoweka; abiria akizuiwa kwa sababu ya umri wa mimba, hilo ni jukumu lake mwenyewe.

"Lakini tunaweza kulifungua jalada lako tuliangalie," akasema. "Kwenye fomu ulijaza wiki ngapi?"

Nilisikia vidole vyake vikibonyeza kompyuta, halafu vikaacha.

"Usijali," nikamwambia. "Achana nalo."

"Sawa, mama. Mungu akujalie ujifungue salama."

Nilipanda bajaji nikarudi Mkonze. Nilitaka kumgongea jirani nimwambie sijaondoka, lakini geti lake lilikuwa limefungwa, nami nilikuwa nimechoka. Nikaingia ndani, nikajilaza. Nilipoamka alasiri nikamsikia nje akiongea na muuza mkaa.

"Mama wa hapa hayupo," alikuwa anasema. "Kasafiri kwao kujifungua."

Sijui kwa nini sikutoka. Ilikuwa hatua kumi tu mpaka mlangoni. Ila niliona aibu, kama mtu aliyeagwa vizuri kisha akaonekana bado amesimama pale pale. Ofisini walikuwa wamenichangia vitenge na beseni la kuogeshea mtoto. Kila mtu aliyenijua Dodoma aliamini niko Bukoba. Siku nne nikaishi ndani ya nyumba yangu kama mwizi. Madirisha sikufungua. Redio sikuwasha. Nguo nilizianika chumbani. Zabibu za mama nilizila mimi, punje moja moja, nikiwa nimekaa sakafuni kwa sababu kulikuwa na ubaridi. Mtoto aligeuka tumboni, nikamwambia kwa kunong'ona, "Tulia," na nikashtuka kusikia sauti yangu, maana tangu asubuhi ya jana yake sikuwa nimetamka neno.

Siku ya tano nilidondosha sufuria.

Punde nikasikia nyayo kibarazani, na kitu kikigonga mlango kwa nguvu.

"Nani humo? Toka! Nimeshaita watu!"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

Nikafungua. Alikuwa ameshika mchi wa kinu. Hakuwa ameita mtu yeyote. Alinitazama kuanzia usoni hadi miguuni, ambayo ilikuwa imevimba, kisha akachungulia ndani, akaziona nguo zangu kwenye kamba chumbani.

"Umerudi lini?"

"Sikuondoka. Ndege ilinikataa."

"Siku zote hizi umo humu ndani?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilitegemea anikaripie. Akaushusha mchi.

"Umekula nini leo?"

Sikuwa nimekula. Aliniletea ugali na mlenda, akakaa kizingitini mpaka nilipomaliza. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniambia tu kwamba kuja kulala kwangu hataweza kwa ajili ya wale wajukuu, ila kila asubuhi nifungue dirisha la jikoni. Siku atakayoliona limefungwa, atavunja mlango.

Wiki moja na siku kadhaa zikapita hivyo. Kila asubuhi nilifungua dirisha, naye alipita na ndoo yake akilitazama. Uchungu ulinianza saa nne asubuhi, nikiwa nafagia. Yeye ndiye aliyeita bajaji na kunipeleka hospitali. Alishinda nami mpaka saa nane, kisha akasema wajukuu watarudi kutoka shule wakute mlango umefungwa. Akanifunga khanga vizuri kiunoni, akaondoka.

Muuguzi aliyekuwa akiandika maelezo yangu aliniuliza, "Ndugu zako wako wapi?"

"Wako mbali," nikasema.

Mtoto alizaliwa kabla jua halijazama, wa kiume, mzima, mkubwa kama utrasaundi ilivyosema. Nimeshahesabu mara nyingi tangu siku ile. Ndege ingenifikisha Bukoba, na ningebaki na siku za kutosha za kulala katika kile chumba kilichofagiwa. Lakini ndugu yule mwenye sweta hakuwa na namna ya kulijua hilo, na mimi niliyekuwa najua hesabu nilikuwa nimeificha. Simlaumu. Bado yananiuma, yote mawili kwa pamoja: safari niliyoikosa na hesabu niliyoificha.

Mume wangu alifika siku ya tisa, ana vumbi mpaka kwenye kope. Alimshika mtoto akaogopa kumpumulia. Mama alimwona mjukuu wake kwenye simu, akampelekea baba kile kioo mpaka karibu na jicho lake la upande usiopooza.

Bukoba tulikwenda mtoto akiwa na miezi minne. Jioni tuliyofika, mama alimlaza mtoto karibu na baba, kisha akaja jikoni nilipokuwa nimekaa. Akabandika sufuria kubwa la maji.

"Ya nini hayo?" nikamuuliza.

"Ya kukukanda."

"Mama, ni miezi minne sasa. Nimeshapona."

"Nani alikukanda kule?"

"Hakuna."

Aliyapima maji kwa kiganja, akachovya taulo, akalikamua, akaniambia nivue blauzi. Taulo lilikuwa la moto kuliko nilivyotarajia. Akalikandamiza tumboni kwa mikono yote miwili, pole pole, kana kwamba nilijifungua jana, na mimi nikalia mpaka maji yakapoa.