Vitz ya Lita Moja na Mlima wa Kibugu

Kabla ya kununua Vitz niliisoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Nilijua umbo la kwanza lile la mviringo, la pili lililoongezwa nafasi ndani, na la tatu lenye pua iliyochongoka. Nilijua kuna injini ya lita moja, ya moja nukta tatu na ya moja nukta tano, na kwamba tangu umbo la pili ile ndogo ina silinda tatu tu.

"Chukua ya moja nukta tatu," kaka yangu aliniambia. "Kwetu ni milima."

"Mimi naishi Embu mjini," nikamjibu. "Hii ndogo hainywi mafuta."

Nikachukua ya lita moja. Jumapili iliyofuata nikapanda nayo hadi kijijini kwetu Kibugu kumwonyesha mama. Baada ya ibada mchungaji aliiombea, akiwa ameweka mkono juu ya boneti, na mama akalia. Kisha akaingia mbele, dada yake na majirani wawili wakabanana nyuma, tukaanza kurudi nyumbani.

Mlima wa kwetu unaanzia pale mashamba ya chai yanapokaribia msitu. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilikanyaga mafuta hadi mwisho, injini ikanguruma, gari likatambaa, halafu likasimama kabisa. Nikavuta breki ya mkono.

Mama akafungua mlango.

"Mama, ngoja nijaribu tena."

"Ni mimi mzito," alisema, akishuka na viatu vyake vya kanisani. "Haya, shukeni tumpunguzie mzigo."

Wote wakashuka. Gari likapanda bila shida. Sikuweza kusimama njiani kwenye ule utelezi, kwa hivyo niliwasubiri juu, nikiwatazama wakija polepole kandokando ya barabara. Mama alikuwa ameinua sketi kidogo, mkono mmoja gotini.

"Gari gani hii inashindwa na wanawake?" dada yake alitania walipofika.

"Gari ni nzuri," mama akamkatiza. "Haili mafuta. Sisi ndio tumekula sana."

Walicheka. Mimi nilishindwa hata kutabasamu. Wiki zile zote nilizokuwa nikisoma habari za injini, nilikuwa nimepima safari za kazini, za sokoni, za kupeleka watoto shule. Ya nyumbani kwa mama haikunijia akilini hata mara moja.

Tangu siku hiyo, nikipiga simu kusema ninakuja kumpeleka kanisani, ananiambia nisijisumbue, barabara ni mbaya, na kutembea kunamsaidia goti. Ninajua si kweli. Jumapili iliyopita alinijibu hivyo tena, nami nikamwambia, "Sawa, mama." Nilipokata simu niligundua kwamba nilikuwa nimefarijika, na nikaona aibu kumwambia mume wangu aliyeniuliza mama anaendeleaje.