Ufizi wa Muuza Miche

Jumanne nilipata meseji kwamba muuza miche wa kando ya Waiyaki Way, hapa Kangemi, amefariki. Tangu hapo sijatulia. Naandika, nafuta, nasimama, narudi. Vyungu ninavyouza vilipakana na miche yake miaka minne. Wasomaji wa makala zangu wanamjua: ndiye aliyepandikiza vikonyo vya avokado kwenye mashina mengine, akafunga kiungo kwa nailoni hadi kishike, na kukaripia wateja. "Umefungua nailoni?" alimuuliza mama aliyerudisha mche mkavu. "Nilitaka tu kuona kama imeshika." "Basi umeona. Sasa imekufa."

Alikuwa na jino moja la mbele la kupandikizwa, lenye skrubu ndani ya mfupa, kazi ya daktari wa meno wa mjini ambaye mzee alimtunzia bustani yake kule Muthangari. Mwaka jana ufizi ulirudi nyuma, chuma kikaonekana, na kupiga mswaki kukawa mateso. Daktari akamweleza: kuvuta ufizi wa pembeni hakutafaa, ni mwembamba, kuna utando wa kununua wa kufunika pale, au akatwe kipande cha kaakaa kishonwe pale. "Kata changu," akasema. Akakatazwa kuvuta mdomo kwa wiki mbili. Siku ya tatu nilimwona nyuma ya miche, kioo mkononi, mdomo wa juu ameuvuta hadi puani. Kesho yake tena. Mganga hajigangi. Mimi nikanyamaza, kwani sikuzoea kumwonya mtu wa rika la baba yangu. Kipande kikawa cheupe, kikafa. Daktari akasema upande wa pili wa kaakaa ungetoa kingine, lakini nacho kikifa, skrubu itang'olewa.

Alipotoka kushonwa mara ya pili alinikabidhi kioo. "Kijana, hata nikikuomba, usinipe." Aliomba kesho yake. "Lete kidogo tu." "Hapana, mzee." "Nani amekuandika kazi ya uaskari?" "Ni wewe." Akacheka kwa pua, midomo ameibana. Mara hii kipande kilishika, na amekufa akiwa na jino lake. Wengi niliowasimulia wamenipa pole na kunisifu kwa kukataa. Sifa hiyo inanikosesha raha. Kaakaa lake lilikatwa mara mbili, na mara ya pili ni kwa sababu niliona nikanyamaza, nikiita woga wangu heshima. Ukimwona mkubwa wako anajiumiza, mwambie siku hiyo hiyo, hata sauti ikitetemeka. Usingoje akutume.