Upande wa Kushoto wa Hakimu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda kupika. Shule moja ya kupanda farasi, upande wa pili wa mji, ilitafuta mtu wa kuwapikia wafanyakazi chai na ugali wa mchana, na mimi, Rehema wa Shauri Moyo, nilikuwa mjane kijana mwenye mtoto mmoja mgongoni. Niliingia langoni na sufuria yangu mwenyewe kichwani, maana sikuamini sufuria za watu. Kabla sijafika jikoni, farasi mmoja mwekundu alinyoosha shingo juu ya mlango wa banda lake, akageuza kichwa mpaka jicho moja likanielekea sawasawa, akanitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji mpya. Nikaganda.

"Usimwendee," sauti ikasema nyuma yangu. "Wala usikimbie. Anakusoma."

Huyo alikuwa Nyapara wa Mazizi, mzee mrefu kutoka upande wa Busia, mvaa gambuti masika na kiangazi.

"Anakusoma kwa jicho lipi?" akaniuliza.

"La huku."

"Huku ndiko wapi?"

"Kushoto kwake."

"Wewe jikoni umepotea njia," akasema, akacheka mpaka farasi akatikisa masikio.

Haukupita muda akaninyang'anya mwiko akanipa brashi. Ndivyo nilivyokuwa saisi. Saisi ni mtunza farasi: ndiye anayemlisha, anayemsugua, anayechokoa matope na vijiwe kwenye kwato zake, na anayejua kabla ya daktari kwamba leo mnyama hana raha. Wanawake tulikuwa wachache sana. Pale Shauri Moyo jirani zangu walisema nanuka zizi, na kweli nilinuka, lakini walikuja jioni kuomba samadi ya sukuma wiki zao.

Nyapara alinifundisha kwa kunisimamisha. Nilisimama kila asubuhi mbele ya banda, mikono chini, nikingoja farasi aamue. Farasi wengi, akija mtu wasiyemjua, humgeuzia jicho la kushoto kwanza. Akiisha kumtazama, husogeza pua amnuse. Mtu akimtisha, atahakikisha haondoki upande huo wa kushoto, hata ikibidi azunguke kama pia. Mtu aliyemzoea, farasi hamsumbukii sana. Unaweza kupita huku au kule, yeye anatafuna nyasi zake. Si wote walio hivyo. Nimewahi kumtunza jike mmoja aliyesalimia watu kwa jicho la kulia tu, na hakuna aliyejua sababu. Ila ukichukua farasi kumi, wengi wao watakupa kushoto.

Mwalimu wa Upandaji, mama mkali mwenye sauti ya kengele, alikuwa na shaka. "Rehema, ni sisi tuliowazoesha," alisema. "Tunamtandika kwa kushoto, tunampanda kwa kushoto, tunamwongoza tukiwa kushoto. Atatazama wapi kwingine?" Basi jike mmoja akazaa, na mimi na Mwalimu tukajibanza kwenye uzio kumtazama mtoto ambaye hakuwahi kuguswa na hatamu wala tandiko. Yule mtoto akatuona. Akamzunguka mama yake kwa miguu iliyolegea kama mabua, akasimama, jicho la kushoto likituelekea. Mwalimu akaniminya mkono. "Nyamaza," akasema, na mimi sikuwa nimesema kitu. Tulicheka siku nzima.

Baadaye nilihamishiwa mazizi ya farasi wa mbio. Mkubwa wetu huko, Mkufunzi, alikuwa mtu wa maneno machache. Nilijifunza kwake jambo moja ambalo lingekuja kunifaa: alichokizoea farasi kwa jicho moja, usidhani amekizoea kwa la pili. Ukimpitisha kando ya gari bovu likiwa kushoto kwake, akatulia, wakati wa kurudi gari hilo liko kulia na anaweza kuruka kama ameona jini. "Mfundishe mara mbili," Mkufunzi alisema. "Ni kama una farasi wawili kwenye ngozi moja."

Nilirudi shuleni nikiwa Nyapara mwenyewe, mzee wangu alipostaafu. Ndipo nilipompokea Hakimu, farasi wa kahawia mwenye paji jeupe la uso, mrefu, mpole kwa watoto, na mwenye tabia ya kumtazama kila mgeni muda mrefu kama anayetoa hukumu.

Mwanangu Idi, yule niliyeanza naye kazi mgongoni, alikuwa sasa fundi wa mashine Industrial Area, na alikuwa amechumbia Salma wa Majengo. Siku moja alikuja akakaa mlangoni pangu, akakwaruza kisigino.

"Mathe, niko na ombi. Nataka kuingia Majengo juu ya farasi."

"Unajua kupanda wewe?"

"Si utanishikia?"

Nilimwendea Meneja wa shule. Alinitazama juu ya miwani yake. "Nyapara, umenifanyia kazi miaka yote hii na hujawahi kuniomba kitu," akasema. "Mchukue Hakimu, na lori la kumbebea. Lakini akishtuka pale katikati ya watoto wa watu, harusi itageuka kilio. Unajua hilo kuliko mimi."

Nilijua. Tulimzoesha Hakimu kwa matwari, zile ngoma za mkononi, na kwa vigelegele vya wasichana wa ofisini ambao hawakuwahi kupiga kigelegele maishani mwao. Kushoto alikubali upesi. Kulia alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukubali siku ya harusi ilipofika.

Lori lilimshusha karibu na uwanja wa Kamukunji baada ya nikaha. Idi alipanda, kanzu nyeupe, joho, uso umemkauka. Nikashika hatamu. Hapo shemeji yangu Twaha, kaka wa marehemu mume wangu, akanizuia kwa fimbo yake.

"Rehema, mama wa bwana harusi hukaa nyumbani akangoja. Kuongoza mnyama mbele ya wanaume! Tumeona wapi?"

"Basi mshike wewe, Ami yake Idi."

Twaha akasogea. Hakimu akageuza kichwa, akamtolea jicho la kushoto, akapuliza pua kwa nguvu. Twaha akarudi nyuma hatua tatu, akaiweka sawa kofia yake.

"Leo tu," akasema.

Tulikwenda vizuri, matwari yakilia, madirisha yamejaa watu na simu zao. Taabu ilikuwa kwenye kichochoro cha kwa kina Salma. Kushoto kulikuwa na ukuta wa mabati mtupu. Kulia, kwenye baraza zote, wanawake wamejipanga na leso zao, watoto mbele yao. Walipotuona wakapiga vigelegele kwa mpigo mmoja. Hakimu akasimama ghafla. Akajaribu kugeuka awatazame kwa jicho lake analoliamini, matako yake yakagonga mabati, mabati yakanguruma. Akaanza kutetemeka. Idi akashika manyoya ya shingo.

"Mathe," akaniita kwa sauti ndogo.

Mbele ya kwato zile kulikuwa na watoto zaidi ya nilioweza kuwahesabu. Niliweka kiganja shingoni mwa Hakimu, nikasema bila kuinua sauti, "Jamani, kimya. Naomba kimya." Majengo si mahali pa kimya, lakini siku hiyo Majengo ilinyamaza.

"Amekataa?" Twaha akanong'ona kutoka nyuma.

"Hajakataa. Anataka kuwaona watu kwa jicho la kushoto. Turudi nyuma, tuzunguke, tuingie kwa mwisho wa pili wa kichochoro. Wanawake watakuwa kushoto kwake."

Nilingoja anibishie. Twaha akainua fimbo juu na kunguruma kama dalali wa gulio: "Wapiga matwari, geukeni! Bwana harusi anaingia kwa mlango mwingine!"

Msafara mzima ukageuka, wa mwisho wakawa wa kwanza, wazee wakisukumana na kucheka, tukazunguka nyumba zote zile tukatokea upande wa pili. Sasa mabati yalikuwa kulia. Wa kwanza kwenye baraza alikuwa Bi Zena, nyanya yake Salma. Nilimwomba asimame tu. Alisimama imara kama nguzo. Hakimu akamtazama. Akamtazama tena. Kisha akanyoosha shingo, akanusa leso yake toka ukingo hadi ukingo, akashusha pumzi ndefu.

"Karibu, baba," Bi Zena akamwambia. Hatujui mpaka leo alimwambia farasi au mkwewe. Akawageukia wenzake, kidole mdomoni: "Polepole, wanawake!"

Wakapiga vigelegele vya kunong'ona. Sijapata kusikia kitu kama kile, baraza baada ya baraza, ndimi zikicheza na sauti zikitoka nyembamba, wanawake wakizuia vicheko. Hakimu alipita katikati ya hiyo sauti kama askari wa gwaride. Tulipofika mlangoni kwa Salma masikio yake yalikuwa yamelegea, na nikawaambia, "Haya, sasa pigeni!" Vilipigwa mpaka Gikomba wakasikia. Twaha ndiye aliyemshusha Idi, na ndiye aliyemshikia Hakimu hatamu wakati mimi nikiingia kumbusu mkwe wangu. Nilipotoka nilimkuta akiwafafanulia vijana habari za macho ya farasi.

Nimestaafu sasa. Magoti hayataki tena kuinama chini ya tumbo la mnyama. Vijana huniuliza kama si kazi ya shida, na nawaambia ndiyo, ni kazi ya samadi, baridi ya alfajiri na kukanyagwa vidole. Lakini ilikuwa kazi ya kusalimiwa. Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajanitaka kitu, kuna aliyenigeuzia uso akataka kujua nimeamkaje. Wengi wanafanya kazi mpaka uzee bila kupata hilo.

Idd iliyopita nilimpeleka mjukuu wangu, binti ya Idi, akaone mazizi. Kulikuwa na farasi mgeni, mweusi, ambaye hata mimi hakunijua. Nikamwambia mtoto asimame, mikono chini, angoje. Akasimama na gauni lake jipya la sikukuu. Farasi akamgeuzia jicho, akamsogelea, pua ikamfika usoni. Mtoto hakutikisika. Alisema tu, kwa adabu zote alizofundishwa nyumbani, "Shikamoo."

Yule farasi akapiga chafya, gauni lote likaloa.

"Bibi!" akapiga kelele, mikono juu, uso unameremeta kwa kamasi na furaha. "Ameitikia!"